Kwa Ombi la Familia

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Huku tunapumua. Mama hajambo kwa kiasi chake. Goti linamsumbua akiinuka, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani kakwambia amechoka. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena palepale, tumeweka beseni. Jirani wa ukuta wa pili amepata mtoto wa tatu, na kwa jinsi anavyolia, mtaa mzima tunamlea.

Barua hii anakuletea yule dereva wa lori unayemfahamu, Kobe. Ataiweka chini ya zulia la miguuni na ataisahau mpaka afike. Ukishaisoma, tafadhali ichome. Usiihifadhi popote, hata ndani ya kitabu. Wala usinijibu kwa simu.

Nina ombi moja. Ule ukurasa wa Kaka kwenye tovuti yenu, naomba uuondoe.

Najua kazi mnayoifanya. Nimeziona kurasa zile, ingawa huwa nazitazama kwa simu ya kuazima na kufuta nilikopita. Kila aliyeuawa na dola tangu maandamano yaanze amewekwa pale: picha yake, kazi yake, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Lakini Kaka hakufa, Mjomba. Kaka alichukuliwa. Alitoka kwenda kutengeneza friji ya mteja, akakatiza barabara yenye maandamano akiwa na begi lake la spana, wakampakia kwenye lori pamoja na wengine. Hilo ndilo tunalolijua. Hayo mengine mliyoandika, kwamba alifikishwa hospitali akiwa maiti, kwamba alikuwa amevaa soksi zilizoshonwa kwa uzi wa kijani, sijui nani kawaambia. Watu wanaweza kuwadanganya.

Mama alioneshwa ukurasa huo na mwanamke wa duka la dawa, ambaye alidhani anatoa pole. Mama alisoma mpaka mwisho, akamrudishia simu yake, akanunua dawa ya goti. Tangu siku hiyo hali chakula cha maana. Watu wanakuja na nyuso za msiba, naye anawapokea mlangoni wakiwa wamesimama. Mmoja alianza kulia, Mama akamwambia, "Ukimaliza urudishie geti." Mwingine alipotaka kuingia ndani aliambiwa, "Hapa hakuna msiba. Kama machozi yamekujaa nenda kamlilie mumeo, yule ndiye aliyepotea."

Kitanda cha Kaka kinatandikwa kila asubuhi. Ukurasa ule ukiendelea kuwapo, Mama hana pa kusimama. Uondoe, Mjomba, na usiniulize mengi.

Mpwa wako


29 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kobe amenifikia jana. Alicheleweshwa mpakani, lori lilipekuliwa mpaka kwenye tairi la akiba. Kikohozi ninacho bado, tumezoeana. Chumba changu, kama nilivyowahi kukueleza, kiko juu ya dobi. Mvuke unapenya sakafuni, kwa hiyo nina miguu ya mtu wa nchi ya joto na kichwa cha mtu wa nchi ya baridi. Mke wa dobi anadhani mimi ni mhasibu kwa jinsi ninavyoikodolea macho kompyuta. Sikumkatalia. Msalimie dada yangu, umwambie goti ni urithi, mama yetu naye aliinuka kwa kutukana.

Barua yako nimeichoma.

Sasa kuhusu kaka yako. Mimi ndiye niliyempa spana yake ya kwanza, akaitumia kufungulia saa ya ukutani ya babu yako, nikachapwa mimi. Usidhani niliuweka ukurasa wake kama mtu anayebandika tangazo. Hapa tuko watatu, mimi na vijana wawili wanaonisaidia, na tuna kanuni moja ambayo hatujawahi kuivunja: hatumwandiki mtu mpaka watu wawili wasiofahamiana watuambie jambo lilelile. Serikali inasema tunabuni maiti. Siku tutakapomwandika mtu mmoja aliye hai, watamwonesha kwenye televisheni akinywa soda, na wengine wote watakuwa uongo.

Mtu wa kwanza alikuwa na kaka yako ndani ya lori, akamwona akikata roho, kisha yeye akaachiwa. Wa pili alituandikia kupitia tovuti bila kujitambulisha. Ni mtu mwangalifu, hakuandika kitu asichokiona kwa macho yake. Zaidi ya hapo sikuambii, wala sitafuti kujua.

Ukipata dalili yoyote kwamba yu hai, nitaufuta ukurasa huo kwa mkono wangu na nitacheza mbele ya mashine za dobi mpaka wanifukuze. Lakini kuondoa jina la mtu kwa sababu linauma, sijui nitawaambia nini wazazi wa wale wengine. Je, mama yako mwenyewe ameomba? Nimeisoma barua yako vizuri kabla ya kuichoma. Hujasema hivyo.

Kula vizuri. Usipite barabara kuu jioni.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Beseni la jikoni sasa ni mawili. Mtoto wa jirani ameanza kuota meno, kwa hiyo kilio kimebadilika sauti. Salamu zako za goti zilimfanya Mama acheke, akasema wewe ndiye uliyemfundisha bibi matusi. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Kaka aondoke. Aliniuliza huwa nakuandikia nini. Nilimwambia nakuandikia habari za bati.

Umeniuliza kama Mama ameomba. Hajaomba. Hajalitaja jambo la ukurasa hata mara moja. Aliyeomba ni mimi, na nitakuambia kwa nini, na barua hii uichome kabla hujavua koti.

Wiki iliyopita walikuja kazini kwangu hospitali wanaume wawili wenye viatu vizuri. Hawakuuliza njia, walishuka moja kwa moja mochwari. Mmoja alikuwa na ukurasa wa Kaka umechapwa kwenye karatasi, na maneno ya soksi yamepigiwa mstari. Alimwita mhudumu wetu, yule mzee tunayemwita Taratibu.

"Nani hapa anawavua maiti viatu?"

Taratibu akasema ni yeye, ndiyo kazi yake.

"Na soksi?"

"Soksi hufuata viatu, bwana."

Walimpiga makofi kwa jibu hilo, mbele ya meza yangu. Kisha wakanigeukia. Nilisema mimi ni karani, naandika ninachotajiwa, siinuki kitini. Nililisema kwa sauti ambayo sikuijua. Walimchukua Taratibu, na aliporudi kesho yake alikuwa anatembea kwa upande mmoja. Hajaniuliza kitu. Ananiletea chai kama zamani, na hilo ndilo linalonimaliza.

Unajua ni nani aliyewaandikia, Mjomba. Nadhani ulijua tangu mwanzo, ndiyo maana ukasema hutafuti kujua. Ni mimi.

Asubuhi ile lori lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni kama kawaida. Mimi huwa sitazami. Nainamia karatasi nikimsubiri Taratibu ataje: mwanaume au mwanamke, umri wa kukadiria, nguo. Nikamsikia akisema, "Mwanaume, kijana, soksi za kijivu, kwenye kidole gumba zimeshonwa kwa uzi wa kijani." Mama alizishona soksi zile Jumapili, akilalamika kwamba uzi wa kijivu umekwisha, na kwamba mwanaume mwenye kazi yake anashindwaje kununua soksi. Nikainuka kitini. Walikuwa wamemlaza kwenye jokofu la kushoto, lile alilolitengeneza yeye mwenyewe mwaka jana. Kibandiko chake bado kiko ubavuni: Fundi Friji, piga wakati wowote.

Askari aliyewaleta alisimama nyuma yangu akasema, "Wote hawajulikani. Andika." Nikaandika. Mwandiko wa siku ile ni mzuri kama wa siku nyingine yoyote. Baadaye lori la halmashauri likaja kuwachukua kwenda kuwazika, na dereva alikuwa ameagizwa asitaje wapi.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anamwekea Kaka chakula kando. Sikuweza kumwambia. Kwako pia sikuweza. Niliandika kwenye tovuti bila jina, nikijifanya nawaandikia wageni, na kwa wageni maneno yalitoka.

Sasa wanamtafuta mtu aliyeziona soksi. Nilikudanganya kwamba naomba kwa ajili ya Mama. Naomba kwa sababu naogopa. Nikisikia viatu koridoni nahesabu hatua mpaka zipite. Uondoe.

Mpwa wako


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mashine moja ya dobi imeharibika na chumba kimekuwa baridi pande zote mbili. Hizo ndizo habari za hapa.

Nilijua. Nilijua nilipofika kwenye uzi. Dada yangu akiishiwa hutumia wa kijani; mimi nimesoma shule ya msingi yote nikiwa na makalio ya kijani. Nilipaswa kuyaondoa maneno hayo kabla hatujachapisha. Niliyaacha kwa sababu uzi ule ulikuwa wake, na mimi niko mbali naye miaka mingi. Ni hivyo tu, sina utetezi mwingine.

Ukurasa nimeuondoa leo asubuhi. Binti mmoja kati ya wasaidizi wangu, mkali kama pilipili, aliniuliza, "Leo ni mpwa wako. Kesho tutamwondoa wa nani?" Nikamwambia mimi ndiye mkubwa hapa, neno ambalo sijawahi kulitumia tangu tuanze.

Tulikubaliana jambo moja tu. Hatufuti kimyakimya. Kufuta watu kimyakimya ni kazi ya wale tunaowaandika habari zao. Kwa hiyo mahali palipokuwa na picha pamebaki mraba mtupu na mstari mmoja, niliuandika mwenyewe: Ukurasa huu umeondolewa kwa ombi la familia. Hakuna jina, hakuna soksi. Mpe pole Taratibu, bila kumwambia ya nini.

Sasa upate usingizi.

Mjomba wako


8 Juni

Mpwa wangu,

Kobe amekuja mikono mitupu. Anasema alipita kwenu akakuta dirisha limefungwa na hakuthubutu kugonga. Labda mlikuwa msibani kwa mtu, au sokoni. Nimemwambia apite tena.

Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie habari za bati.

Mjomba wako


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Bati linavuja. Majirani wa ukuta wa pili wamehama na watoto wao, walisema wamepata nyumba kubwa zaidi, lakini hawakuaga. Barua yako ya Mei ilinifikia siku moja na hii ya Juni. Wakati huo mambo yalikuwa yameshatokea.

Walikuja nyumbani Jumamosi, walewale wenye viatu. Mama alikuwa anachambua maharage. Walikaa bila kukaribishwa. Mmoja alitoa simu akampa Mama, akamwambia asome kwa sauti. Mama aliitafuta miwani yake polepole kama mtu aliye kwenye foleni ya benki, akaivaa, akasoma: "Ukurasa huu umeondolewa kwa ombi la familia."

"Familia ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Sasa tusaidie, mama. Simu zenu tunazo, hakuna kitu. Posta hamjapeleka kitu. Watu wale wako ng'ambo, hawawezi kumsikiliza mtu wasiyemjua. Nani aliomba?"

Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Nilifungua mdomo, Mjomba. Naapa niliufungua.

"Mimi," Mama akasema, bila kugeuka.

"Uliomba vipi?"

"Mdomo ninao."

"Na habari za soksi nani alizipeleka?"

"Soksi nilizishona mimi. Ulitaka nani azijue, mkeo?"

Mwenzake akacheka. Yule mwenye simu hakucheka. Alininyooshea kidole akauliza, "Na huyu wa mochwari?"

"Huyo?" Mama akasema. "Huyo hata mende anamwomba mwanaume amuulie. Mtazame, vikombe vyenyewe vinagongana mikononi mwake. Angeniandikia nini huyo?"

Wakanitazama. Vikombe vilikuwa vinagongana kweli. Wakaridhika.

Walipomwambia ainuke waende naye, Mama aliomba avae viatu vya kufunga. Nilipiga magoti kumfunga kamba kwa sababu hawezi kuinama, na hapo ndipo aliponiambia chini kwa chini, "Nilijua ni wewe tangu duka la dawa. Nani mwingine pale angeujua uzi wangu? Umefanya vizuri. Sasa nyamaza." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Usikaze sana."

Nimenyamaza. Kila Ijumaa napeleka furushi la nguo safi za Mama kwenye geti la mahabusu yao. Askari anapokea, ananipa zile chafu. Nazinusa kabla ya kuzifua. Ni zake.

Mpwa wako


24 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sina habari za hapa. Ipo kompyuta na lipo dirisha.

Ule mstari niliuandika mimi. Niliuona ni wa heshima. Sikufikiri ungesomwa na mtu mwingine zaidi ya watu wema. Sitauzungumzia tena, kwa sababu nikiuzungumzia utajiona unalazimika kunifariji, nawe una ya kwako.

Wasaidizi wangu wananiuliza kama tumfungulie dada yangu ukurasa, upande wa waliochukuliwa. Wako walioachiwa baada ya picha zao kuonekana. Wako pia ambao nadhani waliharakishiwa kifo kwa sababu hiyohiyo. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu waseme ndiyo, kwamba ukimya ndio unaoua. Leo nimekaa mbele ya picha yake ya shule, yule msichana aliyekuwa ananipiga na mimi namrudishia kwa kukimbia, na siwezi kubonyeza kitufe. Amua wewe. Ukisema ndiyo tutaandika leo, ukisema hapana nitanyamaza.

La pili, kiti cha pembeni mwa Kobe kiko wazi. Nimekwisha kuongea naye. Begi moja dogo, usimuage mtu. Hapa utalala kitandani, mimi nitalala juu ya joto la dobi. Njoo, mwanangu. Kwenye familia hii nimebakiwa na wewe tu wa kumwandikia.

Mjomba wako


19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Kobe yuko nje, injini inanguruma. Anadhani nafunga begi. Sijafunga.

Ijumaa iliyopita askari wa geti alinirudishia furushi. Akasema, "Hatuna mtu huyo."

Nikamwambia, "Wiki iliyopita ulimpokelea nguo."

"Wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita."

"Basi nipe zile chafu."

"Dada," akasema, na hakuwa mkali, hilo ndilo lililonitisha, "nenda nyumbani."

Kuhusu ukurasa wa Mama, usimwandike. Sina ninachokijua isipokuwa uso wa askari yule, na huo hauwezi kuandikwa. Nami sasa nafahamu kwa nini alikuwa akisema hapa hakuna msiba. Nilidhani anajidanganya. Alikuwa anamlindia Kaka nafasi.

Wa Kaka urudishe. Wote, pamoja na soksi. Mama alikwisha kuwaambia kwamba ni yeye aliyeyapeleka maneno yale, kwa hiyo hawana tena wa kumtafuta, na sioni sababu ya Kaka kuendelea kuwa mraba mtupu. Mwambie huyo binti mkali alikuwa na haki.

Kuhusu kiti cha Kobe, nisamehe. Naogopa kama zamani, labda zaidi. Natapika kabla ya kwenda kazini na ninajipaka poda ili isionekane. Ila nikiondoka, atakayekaa kwenye meza yangu ni mtu asiyemjua Mama. Lori likirudi kinyumenyume siku hizi nainuka kabla ya Taratibu. Hanizuii, ananishikia mlango tu. Natazama kila mmoja, kuanzia miguuni kwenda juu, kisha narudi kitini naandika ninachoambiwa. Mpaka leo Mama hajaletwa. Sijui kama niombe aletwe au asiletwe, kwa hiyo siombi chochote.

Jana mkuu wa utawala aliniita ofisini. Alisema wameona ninavyokonda, na kwamba kuanzia mwezi ujao wanataka kunihamishia wodi ya wazazi, niandikishe watoto wanaozaliwa. Meza iko dirishani. Kina mama huwa wanawapa makarani keki. Kama angeniambia hivyo mwaka jana ningembusu mikono.

Nilimshukuru, nikamwambia ningependa kubaki nilipo.

Alivua miwani akanitazama. "Huko kwa maiti, binti, unapenda nini?"

Nikamwambia kumetulia.

Mpwa wako